Mafunjo Bustanini, Kinamasi Kibaki Kilivyo

Mwenye bustani pale Kamembe, wilayani Rusizi, anayetaka kupamba kibwawa chake hana haja ya kuagiza mmea ng'ambo. Mafunjo yapo, yale ambayo Kinyarwanda huyaita urufunzo. Wengi huyahesabu kuwa nyasi, ila kata bua uone pembe zake tatu: ni jamaa ya ndago.

Kuyakuza si kazi kubwa. Twaa kipande cha shina la chini chenye chipukizi, kizike katika beseni lisilotoboka, lenye udongo mzito, kisha maji yaufunike udongo kidogo tu. Yataka jua la kutosha. Bua huweza kupita mita 4, kwa hiyo beseni jepesi litaangushwa na upepo wa Ziwa Kivu. Mabua yaliyokauka yakate chini kabisa.

Lakini kipande kitoke wapi? Hapo ndipo nina neno. Kisichimbwe kinamasini, kwa maana kinamasi kikiharibiwa, maji nayo hupungua. Kule kwenye kinamasi cha Rugezi, kaskazini mwa Rwanda, mitaro ya kukaushia bonde ilichangia maji kupungua hadi kituo cha umeme cha Ntaruka kikalegea, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Serikali ikazuia kilimo humo, na mwaka 2005 Rugezi ikaingia katika orodha ya Ramsar, ile ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Nasi wa Rusizi, ambao mto wetu unaendesha mitambo ya umeme, habari hiyo yatuhusu.

Mwombe jirani aliyekwisha kupanda. Mafunjo hujaza beseni upesi, na mwenyewe huwa anatafuta wa kumpunguzia.