Senti Yenye Tundu

(Maneno ya mzee wa Mukuju kwa wakazi wa kambi, siku ya ukumbusho)



Nimeombwa nieleze hizi senti zenye tundu ambazo watoto huzichezea. Zilikuwa pesa zetu sote.

Babu zetu walitumia simbi, na hata leo Mganda akisema ensimbi ana maana ya pesa. Kisha ikaja rupia ya India. Mwaka 1919 Waingereza waliunda Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, makao yake London. Mwaka 1920 florini ikachukua nafasi ya rupia, lakini haikudumu. Mwaka 1922 shilingi ikashika, shilingi moja kwa senti 100. Shilingi na thumuni zilikuwa na picha ya simba. Senti 1, 5 na 10 zilitobolewa katikati, nasi tukazitunga kwa kamba.

Mtu alitoka hapa Mukuju, akavuka Malaba au Busia, akanunua chumvi kwa sarafu ile ile. Ilipokelewa Kampala, Mombasa na Dar es Salaam. Zanzibar nayo iliingia mwaka 1936.

Baada ya uhuru kila nchi ilitaka pesa zake. Mwaka 1966 Tanzania ilitoa shilingi yake mwezi wa Juni, Uganda Agosti, Kenya Septemba. Mwanzoni zilibadilishwa sawa kwa sawa, baadaye zikaachana. Mwaka 1987 Uganda ilibadilisha shilingi 100 za zamani kwa 1 mpya, tena asilimia 30 ikakatwa.

Nyanya yangu alikuwa amezika mtungi wa sarafu za zamani chini ya kitanda. Hakujua kusoma, na hakuna aliyemsomea tangazo. Alipoufukua, muda ulikuwa umepita na duka likazikataa. Watu walimcheka. Mimi nasema kosa lilikuwa letu sisi tuliosoma.

Ninyi mlivuka mpaka na noti za kwenu, mnajua uchungu wa kupunjwa. Kwa hiyo naiomba kamati pamoja na mashirika: kila tangazo la pesa, kadi au posho lisibandikwe ukutani tu. Lisomwe kwa sauti, kwa lugha za watu, kabla siku haijapita. Na kijana akilisikia, aende kwa mzee jirani yake amweleze.