Matokeo Yakitoka, Msikae Nyumbani Mkingoja

Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwa wazazi na watahiniwa wa KCSE katika shule ya kutwa



Sitawachosha. Sisi tuliotangulia tulijaza fomu za JAB tukiwa bado shuleni, mwalimu amesimama kando akitusahihisha. Leo KUCCPS hupokea maombi baada ya matokeo kutangazwa. Wakati huo nyinyi mko nyumbani, mwalimu ana darasa jingine, na muda wa kuomba ni mfupi. Hapo ndipo mtoto wa shule ya kutwa hupoteza nafasi ambayo ameshaipata kwenye mtihani.

Nilikutana na kijana mwenye C+ aliyemwachia mhudumu wa saiba amchagulie kozi. Alipangiwa kozi ambayo hata jina lake hakulijua. Hakumaliza mwaka. Vijana, C+ inakuruhusu kuomba shahada, lakini kila kozi ina masomo manne inayoyaangalia. Ukiwa na C+ na Hisabati imekuangusha, uhandisi utakukataa. Kaa na mwalimu wako sasa, kabla ya mtihani, muandike kozi hizo kwenye karatasi. Ukienda saiba, nenda nayo.

Wazazi, akipata C- anaweza kusomea stashahada. Akipata D, cheti. Aliye chini ya hapo ana kozi za ufundi, na vyuo vya ufundi vya mashinani viko chini ya kaunti tangu ugatuzi uanze. Akiwa kazini anaweza kufanya majaribio ya NITA, daraja la tatu hadi la kwanza, akapata karatasi ya kuonyesha ujuzi wake. Sisi tumezoea kusema "amefeli" tukiona D+. Fundi aliyewawekea stima nyumbani, nani alimuuliza gredi kabla ya kumlipa?

Sasa pesa. Ada ya kuomba kupitia KUCCPS ni shilingi 1,500. Kwa anayeishi kwa kibarua hizo si kidogo, kwa hivyo anzeni kuziweka leo. Halafu msichanganye mambo mawili: barua ya kuitwa chuoni haileti mkopo. HELB huombwa kivyake, na wa vyuo vya kiufundi pia huomba, si wa vyuo vikuu pekee. Basari nayo ina fomu yake. Ulizeni ofisi ya wadi mapema, msingoje juma la kuripoti.

Jambo la mwisho ni majina. Kama cheti cha kuzaliwa kinasema hivi na usajili wa mtihani unasema vile, atakwama akianza kutafuta kitambulisho na mkopo. Nimekuja na mwenzangu wa usajili, yuko pale chini ya mwembe. Mwenye tatizo hilo aanze naye kabla hajaenda kula.