HOTUBA JUU YA MMEA WA MIZIZI MYEKUNDU
(Ilisomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama)



Neno langu ni juu ya mmea wa porini ambao kila kabila lina jina lake, nao wataalamu wauita Rubia cordifolia. Kina mama wetu wasokotao sufu waujua sana, kwa maana ndio uwapao rangi nyekundu ya mazulia yao.

Asiyeujua na autafute kandokando ya misitu na katika vichaka vya milimani. Hutambaa na kushika miti mingine. Shina lake lina pembe nne, nalo hukwaruza mkono. Majani hutoka manne manne katika kila kifundo. Maua ni madogo mno, hata mpita njia hayaoni. Na tunda lake ni jeusi. Uzuri wake umo chini ya ardhi. Ukikwaruza mzizi, utaona wekundu. Haufi kwa msimu mmoja, bali huchipua mwaka hata mwaka, na mizizi yake huzidi kunenepa. Watu wa Bara Hindi nao wameutumia mmea huu huu tangu zamani kutia nguo rangi.

Yanipasa kuungama kosa langu. Nilipokuwa kijana nilikwenda na jembe mahali nilipoonyeshwa na shangazi yangu, nikachimba mizizi yote, nikajaza gunia. Mwaka wa pili nilirudi, nisikute hata jani moja. Shangazi hakunigombeza, aliniambia tu, "Mwanangu, mbegu hailiwi." Leo kosa hilo ni letu sote. Kina mama hutembea mbali zaidi kila mwaka kutafuta mizizi, na tena sheria ya misitu ya mwaka 2016 yakataza kutoa mazao katika msitu wa serikali bila kibali. Tusipopanda wenyewe, kazi hii itakwisha mikononi mwetu.

Kupanda si kazi ngumu. Mvua za masika zianzapo, chukua vipande vya mizizi vyenye macho, uvifukie katika udongo uliolimwa vizuri, kando ya ua, ili mmea upate pa kupanda. Palilia, kisha ungoje miaka mitatu. Ukichimba, chukua mizizi ya upande mmoja tu, uache ya upande wa pili, na shina ulifukie tena.

Mizizi ioshwe, ikaushwe kivulini, itwangwe katika kinu. Kwa kilo 1 ya sufu kavu iliyo safi, tumia gramu 150 za shabu, ile itumiwayo kusafishia maji. Iyeyushe katika maji ya kutosha kufunika sufu, uitie sufu iliyokwisha loweshwa, uyapashe moto polepole kwa muda wa saa moja. Katika chombo kingine, loweka kilo 1 ya mizizi usiku kucha, kisha uitie sufu hiyo na kuipasha moto tena kwa saa moja. Angalieni sana: maji yasichemke, kwa maana yakichemka wekundu hugeuka hudhurungi. Wala msitumie chungu cha chuma, kwani hufifisha rangi.

Huenda mzee mmoja akauliza, "Je, tung'oe mahindi tupande rangi?" La, hasha. Huko Ulaya wakulima wa Ufaransa na Uholanzi walilima mmea ulio ndugu wa huu katika mashamba makubwa, na suruali nyekundu za askari wa Ufaransa zilitiwa rangi yake. Mwaka 1868 wataalamu wawili wa Ujerumani, Graebe na Liebermann, waligundua njia ya kutengeneza rangi hiyo hiyo kwa kitu kipatikanacho katika lami ya makaa ya mawe. Haikupita miaka mingi, wakulima wale wakakosa wanunuzi. Kwa hiyo shamba libaki la chakula, na mmea huu ukae uani. Wala tusiuze mizizi. Tuuze zulia lililokwisha fumwa, kwa maana faida imo katika kazi ya mikono.

Bwana Mwenyekiti, naomba mkutano huu ukubali mambo mawili. Kwanza, kila nyumba ipande mashina matano katika masika yajayo. Pili, asiyepanda asichimbe. Nawasihi wazee watuonyeshe mahali mmea ulipobaki, tupate vipande vya kupanda kabla havijatoweka. Akiba haiozi.