Mkate wa Tini na Vidonge vya Presha

Asubuhi ya leo twataka kuzungumza nanyi juu ya ugonjwa tunaouita presha, na twaanza kwa kukiri kosa letu wenyewe.

Katika mtaa mmoja tuliotumika palikuwa na mzee wa kanisa aliyekuwa akimeza vidonge vya presha. Siku moja alikuja kwetu akilalamikia kizunguzungu. Tukamwombea, naye akarudi nyumbani na furaha. Hatukumwuliza neno lo lote juu ya dawa. Baada ya miezi mitatu alianguka shambani, na upande wake wa kulia ukapooza. Mkewe alituambia kwamba vidonge vilikuwa kabatini tangu siku ile ya maombi. Mzee mwenyewe, ulimi wake ulipoanza kurudi, alituuliza: "Kasisi, si mliniombea?"

Swali hilo limekaa nasi miaka mingi.

Mpendwa, damu ikisukuma kuta za mishipa kwa nguvu kupita kiasi, mwaka baada ya mwaka, mishipa huharibika. Mshipa wa ubongo ukiziba au kupasuka, hicho ndicho kiharusi. Moyo nao huchoka, na figo huumia. Na wakati huo wote mwenyewe aweza kuwa hasikii maumivu. Malaria humlaza mtu kitandani, lakini presha humwacha aendelee kulima. Kwa hiyo kizunguzungu kikiondoka, hiyo si dalili ya kupona. Dawa huishikilia presha ikae chini. Ukiiacha, presha hupanda tena.

Jambo hili lilipimwa. Huko Marekani, Daktari Edward Freis na wenzake waliwachukua wanaume 143 wenye presha kali. Wengine walipewa dawa, na wengine vidonge vilivyofanana nazo lakini visivyo na dawa ndani. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1967: kati ya wale wasiopata dawa, 27 walipatwa na madhara makubwa, kati ya waliopata, ni wawili tu.

Hata hapa Kenya kuna la kujifunza. Mwaka wa 1929 daktari mmoja Mwingereza, C. P. Donnison, aliandika kwamba kwa miaka miwili katika hospitali ya Kavirondo Kusini hakuona mgonjwa hata mmoja wa presha. Kisha mwaka wa 1990 watafiti walieleza habari za Waluo waliohama mashambani kuja Nairobi: presha yao ilipanda katika miezi michache tu, na mkojo wao ulionyesha kwamba walikula chumvi zaidi. Basi wanaosema presha ni ya ukoo tu na wafikiri tena.

Nenda ukapimwe hata kama hujambo. Keti kimya dakika tano kwanza, mkono ukiwa umelazwa juu ya meza. Ikionekana 140 juu ya 90 au zaidi, tena si siku moja tu, fuata shauri la daktari. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyofichika katika mkate na vyakula vya pakiti. Tumbaku iache kabisa.

Dawa ikikusumbua, rudi ukaseme, ubadilishiwe. Twajua wanaume wanaoacha dawa kimya kimya kwa ajili ya mambo ya chumbani, kwa sababu waliona haya kumwambia muuguzi aliye na umri wa binti yao. Mzee wangu, mwambie tu! Amekwisha kuyasikia hayo kwa wengine.

Na uso wa mtu ukipinda ghafula, au mkono ukalegea, au maneno yakamkwama, mpelekeni hospitali saa ile ile. Msingoje kuche, wala msitungoje sisi tuje kuomba kwanza. Tutawakuta huko.

Mfalme Hezekia alikwisha kuahidiwa miaka 15 zaidi, na bado Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake. Hatusomi kwamba mfalme aliukataa kwa kuwa amekwisha kuombewa.

Mzee wetu yungali hai. Twasalimiana naye kwa mkono wa kushoto. Nasi tukizuru wagonjwa siku hizi, kabla ya kufumba macho twauliza: "Leo umemeza dawa?" Wengine hucheka, kisha huinuka kwenda kabatini, nasi twawangoja.