Kengele Ilie Kabla Fedha Haijakwisha

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za miradi za sharika, Dar es Salaam)



Nimepewa dakika arobaini za kuzungumzia kompyuta, tena baada ya chakula cha mchana. Najua wengine wenu mmeshaanza kuangalia mlango. Kwa hiyo nitaanza na soko, kompyuta itafuata.

Mwaka 2021 tulikuwa na utafiti mdogo Kariakoo. Tulitaka kujua mama lishe na wachuuzi wadogo wanapata wapi mitaji, wanakopa kwa nani na kwa riba gani, ili sharika za katikati ya jiji zipange vikundi vya kuweka na kukopa kwa kufuata hali halisi. Wadodosaji walikuwa vijana wetu wa sharika. Kila mtu alitakiwa kuhojiwa mara mbili, Februari na Agosti, halafu turudi kwa wale wale waliohojiwa, tukae nao, tuwaonyeshe tulichokipata na tukijadili pamoja. Hatua hiyo ya mwisho tunaiita mrejesho. Tuliwaahidi kwa midomo yetu wenyewe.

Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 Soko Kuu la Kariakoo likaungua moto. Siku tano baadaye, tarehe 15 Julai, zikaanza tozo za miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi shilingi 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi. Posho zote za wadodosaji tulikuwa tunazituma kwa simu. Tozo zilipunguzwa kwa asilimia 30 mwezi Septemba, lakini kwenye bajeti yetu hazikuwa na hata senti moja. Kisha Oktoba wamachinga wakaanza kuhamishwa kutoka kando ya barabara kwenda maeneo waliyopangiwa. Watu tuliowahoji Februari wakiwa Mtaa wa Congo na Mtaa wa Swahili, mara ya pili tuliwafuata Ilala, Buguruni, Temeke, wengine hadi Mbagala. Kijana ambaye awali alitembea kwa miguu kutoka banda moja hadi jingine sasa alipanda daladala mbili kumtafuta mama mmoja, na akimkosa alirudi kesho yake kwa nauli ileile.

Hakuna aliyeiba, ndugu zangu. Hati zote za malipo zilikuwepo na saini zake. Tatizo ni kwamba hesabu zilikuwa zinafungwa kila robo mwaka, na taarifa ya Julai hadi Septemba ilifika mezani kwangu katikati ya Novemba. Siku hiyo kifungu cha usafiri kilikuwa kimeshakauka na tulikuwa tunakula kifungu cha mrejesho. Uhamisho ule wa fedha niliutia saini mimi mwenyewe, kwa sababu kazi ya ukusanyaji ilikuwa imefika mahali ambapo haiwezi kuachwa. Mrejesho haukufanyika. Mwaka uliofuata nilikuwa napita Mtaa wa Swahili, mama mmoja akaniita kutoka kwenye sufuria zake: "Mwalimu, ile karatasi yetu iko wapi?" Sikuwa na jibu.

Sasa tuje kwenye kompyuta. Mwaka 2023 tulipata programu ya kukokotoa gharama za miradi ya utafiti. Programu za namna hii zilikuzwa sana na vyuo vikuu. Kule Uingereza, kwa mfano, tangu mwaka 2005 mabaraza ya utafiti ya serikali yalianza kulipa kwa kufuata gharama kamili ya utafiti, yakitoa asilimia 80 na chuo kikibeba iliyobaki. Ikabidi kila saa ya mtafiti na kila chumba cha maabara kihesabiwe. Ndiyo maana ukiifungua programu unakuta vifungu vingi ambavyo sisi hatuna haja navyo. Msiogope, viacheni. Kwetu sehemu yenye faida kubwa ni moja, nayo wengi huiruka siku ya mafunzo: sehemu ya kanuni za tahadhari.

Kanuni ya tahadhari ni agizo unaloliandika mara moja, na kompyuta inalifuata kila siku bila kuchoka. Unaiambia iangalie nini, mpaka wake ni upi, imwambie nani, kwa njia gani, na huyo asipojibu ifanye nini. Basi.

Karibu kila kamati niliyoitembelea imeweka kanuni moja: kifungu kikifika asilimia 80 tuambiwe. Ni mwanzo mzuri, lakini hautoshi. Tuchukue hesabu rahisi. Una madodoso 600 ya kujaza na shilingi 9,000,000 za usafiri na posho. Hiyo ni shilingi 15,000 kwa dodoso. Umefika dodoso la 300 na umetumia shilingi 5,400,000. Hiyo ni asilimia 60 tu, kompyuta imenyamaza, mhasibu analala vizuri. Lakini gawanyeni: kila dodoso limekula shilingi 18,000. Madodoso 300 yaliyobaki yatahitaji shilingi 5,400,000 nyingine, na mkononi mna 3,600,000. Pengo la shilingi 1,800,000 limeshazaliwa na halijaonekana kokote kwenye taarifa.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ninayowaomba muiweke ni ya gharama kwa kila kazi iliyokamilika, iwe dodoso, mahojiano au kikao. Gharama hiyo ikizidi ya kwenye andiko la mradi kwa asilimia 10, kengele ilie. Tulipoipata programu, tuliingiza humo hesabu zetu zote za 2021 kwa tarehe zake, tukaiuliza kila kanuni ingelia lini. Ile ya asilimia 80 ingelia katikati ya Oktoba. Hii ya gharama kwa dodoso ingelia mwishoni mwa Agosti, wakati tulikuwa bado na fedha na bado na njia: kupunguza sampuli kwa kuongea na mtafiti mkuu, au kumwandikia mfadhili tukieleza moto na tozo. Mfadhili anayesoma magazeti angetuelewa. Nawashauri kila kamati ifanye jaribio hilo kwa mradi wake uliokwisha. Linauma kidogo, lakini linafundisha kuliko semina hii.

Kanuni hiyo ina sharti lake. Kompyuta haijui madodoso mangapi yamejazwa mpaka mtu aiambie. Kwetu msimamizi wa wadodosaji anaingiza idadi kila Ijumaa kabla ya saa kumi jioni, na tumeweka kanuni nyingine inayolia kama Ijumaa imepita bila idadi. Vivyo hivyo kwa masurufu. Kijana akichukua shilingi 500,000 kwenda kazini na asirudishe hesabu kwa mwezi mzima, programu nyingine huzihesabu fedha zote kuwa zimetumika siku ile ile, nyingine huziona hazijatumika kabisa, na zote mbili zinakudanganya. Ulizeni yenu inafanya lipi. Sisi masurufu yakifika siku 14 bila kurejeshwa, ujumbe unakwenda kwa aliyeyachukua, na siku ya 21 unakuja kwangu. Najua ugumu wa risiti Kariakoo. Mashine za EFD zipo tangu 2010, na duka kubwa litakupa risiti yake, lakini bodaboda na muuza chai hawana. Kwa hao tumieni fomu ya saini ile ile ya dayosisi, ila iingizwe wiki hiyo hiyo.

Hesabuni pia fedha mlizokwisha kuahidi. Mkishaagiza madodoso kwa mchapaji, fedha hiyo si yenu tena hata kama bado iko benki. Programu ina mahali pa kuandika oda. Kanuni iangalie malipo na oda kwa pamoja, la sivyo salio mnaloliona ni la uongo.

Kuna tahadhari ya kinyume pia, ya fedha kutotumika, nayo watu huidharau. Novemba 16, 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo na kuua watu, na shughuli katika eneo lile zikasimama. Wakati huo tulikuwa na utafiti mwingine hapo. Baada ya siku kumi bila matumizi, kengele ililia. Msimamizi akajibu kwa mistari miwili: vijana hawawezi kuhoji watu waliomo msibani, naomba tusogeze kazi hadi Januari. Tukasogeza, na mfadhili akapata barua wiki ile ile. Ilikuwa barua fupi kuliko zote nilizowahi kumwandikia.

Lakini kusogeza kazi kuna bei yake, na hapo tuliokolewa na kanuni ya thamani ya fedha. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa kama shilingi 2,300. Ndani ya mwaka 2024 ikapanda hadi karibu 2,700, na baadhi yetu tukaanza kupanga matumizi ya "ziada". Mwisho wa Desemba 2024 ilikuwa imeshuka hadi kama 2,400. Dola 10,000 ambazo zingeleta shilingi 27,000,000 zikaleta 24,000,000. Tulikuwa tumeweka tahadhari kwamba dola ikisogea kwa asilimia 5, juu au chini, kutoka kiwango tulichopangia, hakuna ahadi mpya mpaka mhasibu apige hesabu upya. Iliwaudhi watu iliposhikilia oda zao wakati dola iko juu. Hawajanishukuru hadi leo, lakini mishahara ya Januari ilitoka.

Tarehe nazo ziwekwe: kibali cha maadili kina mwisho wake, mkataba wa mfadhili una mwisho wake. Siku 60 kabla zinatosha. Na kwa kuwa wafadhili wengi huruhusu kuhamisha fedha kati ya vifungu kwa kiwango fulani tu, mara nyingi asilimia 10, ninyi wekeni kengele kwenye 7.

Sasa nitaungama kosa letu la pili. Wiki ya kwanza tulikuwa na furaha, tukaweka kanuni zaidi ya thelathini, na kila tahadhari ikaenda kwa watu tisa kwa barua pepe. Kufikia wiki ya tatu nilikuwa nimeshafundisha barua pepe yangu izitupe kwenye folda ya pembeni ili nifanye kazi. Wenzangu wanane walikuwa wamefanya vivyo hivyo bila kuambiana. Mnajua kengele za magari Mtaa wa Msimbazi: zinalia kutwa, na hakuna hata mmoja anayegeuza shingo. Tukazifuta, tukabaki na saba. Kila moja ina mtu mmoja, kwa cheo chake, anayewajibika kujibu ndani ya siku tatu, na jibu linaandikwa humo humo kwenye programu: nimeona, sababu ni hii, nafanya hivi. Asipojibu, inapanda kwa mkubwa wake. Kwa watunza hazina wa sharika tumechagua ujumbe wa simu, maana barua pepe yao wanafungua siku ya kikao.

Marafiki zetu wafadhili, mmoja wenu aliniuliza asubuhi kama mnaweza kupata nakala ya kila tahadhari. Kwa heshima, nasema hapana. Mhasibu akijua kila kengele inasikika ng'ambo ya bahari, atapandisha mipaka ili isilie, au atachelewesha kuingiza hati. Nimeshaona hilo likifanyika. Tutakachowapa kila robo mwaka ni orodha ya zilizolia pamoja na majibu yaliyoandikwa. Mkikuta robo nzima hakuna hata moja iliyolia, hapo ndipo mtupigie simu.

Kanuni ya saba ndiyo ninayoipenda. Kifungu cha mrejesho kimefungwa. Hakuna awezaye kuhamisha hata shilingi moja kutoka humo bila tahadhari kwenda kwa mwenyekiti wa kamati ya usharika husika, na yeye akubali kwanza. Nimewekewa hata mimi. Mwezi Machi nilijaribu, kwa sababu niliyoiona nzuri sana, na mwenyekiti, ambaye ana duka la vitenge Kariakoo, akanijibu kwa neno moja: "Hapana."

Fomu za kuandikia kanuni ziko mezani kwa katibu, kila kamati ichukue moja. Wenye utafiti unaoendelea mbaki nami baada ya chai tuziingize leo leo. Njooni na bajeti iliyosainiwa, rasimu sitazipokea.