MAPIGO YA PROSESA SI KIPIMO CHA KAZI



Chama kinachokusudia kununua kompyuta mpakato hakina budi kujihadhari na tarakimu za lebo. Gigahezi hueleza mapigo ya prosesa kwa sekunde. Hazielezi kazi inayotimizwa katika kila pigo.

Mwaka 2001 Intel ya Marekani iliuza Pentium 4 yenye gigahezi 2.0. Mshindani wake, AMD, aliuza Athlon XP 1800+ iliyokwenda kwa gigahezi 1.53 tu, lakini ikatimiza kazi zaidi kwa kila pigo. Mwaka 2003 Intel yenyewe ilitoa Pentium M kwa kompyuta mpakato, yenye mapigo machache na matumizi madogo ya umeme.

Tena, prosesa moja iliyowekwa katika kompyuta mbili yaweza kutofautiana kasi, kwa kuwa joto likizidi hupunguza mwendo wake.

Kwa hiyo, kabla ya malipo, muuzaji atakiwe kuziendesha kompyuta zinazoshindana kwa hesabu zilezile za chama, kwa nusu saa, zikitumia betri, na muda uandikwe. Fedha ya wanachama hailipwi kwa tarakimu, bali kwa kazi iliyoonekana.