MJI WA MAWE WA THIMLICH OHINGA



Msafiri asimamaye juu ya kilima cha Asego, pale Homa Bay, aona chini yake maji ya ghuba ya Nyanza, na ng'ambo ya maji aona mlima Homa. Akigeuza uso wake upande wa kusini magharibi aona vilima vya Ruri, na mbali zaidi milima ya Gwassi. Nchi hiyo yote, tangu ziwani mpaka Migori, ni nchi ya vilima na ya mawe. Mkulima alimaye humo ayajua mawe hayo vema, kwa maana humharibia jembe kila mwaka. Lakini watu wa kale waliyatazama mawe hayo hayo kwa jicho jingine. Waliyaokota, wakayapanga, wakajijengea mji.

Mji huo waitwa Thimlich Ohinga, nao uko kaskazini magharibi ya mji wa Migori, yapata kilomita 46. Kwa Kijaluo jina lenyewe lina maana ya boma lililo ndani ya msitu mnene wa kutisha. Mtu asitafute huko maduka wala barabara za lami. Kwa Kiswahili neno "mji" lina maana mbili: mji wa watu wengi wafanyao biashara, na mji wa mtu na jamaa zake na ng'ombe zake. Thimlich Ohinga ulikuwa mji wa namna ya pili, lakini mkubwa na wenye nguvu kupita kawaida, hata watu wa mataifa ya mbali husafiri leo kuja kuutazama.

Wataalamu wa mambo ya kale wasema kwamba kuta zake yamkini zilijengwa katika karne ya 16. Maboma makubwa ni manne, nayo yaitwa Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Kuta zake zina unene wa kadiri ya mita moja, na kwenda juu zina mita 1.5 mahali pengine, na mahali pengine hufika mita 4.5. Wala usidhani kuwa mji huu ulikuwa peke yake. Katika nchi hiyo ya kusini ya Nyanza zimehesabiwa mahali zaidi ya 130 penye kuta za namna hiyo, na maboma yenyewe yapita 500. Thimlich Ohinga ndio mkubwa kuliko yote, tena ndio uliohifadhika vizuri zaidi.

Jambo la ajabu ni kwamba katika kuta hizo hamna saruji, wala chokaa, wala udongo wa kushikanisha. Tena mawe hayakuchongwa, kama yalivyochongwa yale ya Zimbabwe Kuu. Yalitumiwa vile vile yalivyookotwa. Basi, yawezaje kusimama miaka mia nne na zaidi? Siri yake ni mpango. Fundi alijenga uso wa nje na uso wa ndani mbali mbali, kisha katikati akajaza mawe madogo ya kuzishika nyuso hizo mbili. Kila jiwe lilitafutiwa mahali lilipokaa sawasawa, likilala juu ya mengine na kubanwa nayo. Palipohitaji nguvu zaidi aliongeza nguzo za mawe za kuegemeza ukuta. Wala hakujenga kwa mstari ulionyoka. Kuta zote zimepinda na kuzunguka.

Milango nayo ilifanywa mifupi kwa makusudi. Aingiaye hulazimika kuinama, na adui aliyeinama hawezi kuinua mkuki wala ngao. Kwa hiyo watu wachache waliokuwa ndani waliweza kuwazuia wengi walio nje, na ng'ombe wakalala salama, mbali na wezi na wanyama wakali.

Lakini mji huo haukuwa ngome tu. Ndani yake zaonekana alama za nyumba na za mazizi ya mifugo, na juu ya mwamba yako matundu ya mchezo wa bao, ambao Wajaluo huuita ajua. Upande wa kaskazini wa boma la Kochieng palikuwa na mahali pa kuyeyushia chuma. Shanga za kioo zilizochimbuliwa zaonyesha kuwa watu hao walipata vitu vya biashara vilivyotoka mbali. Basi humo waliishi wafugaji na wafua chuma, na jioni wazee walicheza bao huku watoto wakiwatazama.

Je, ni nani walioujenga? Swali hili huulizwa mara nyingi, na mara nyingine huulizwa kwa majivuno, kila kabila likitaka sifa iwe yake peke yake. Lakini habari za wazee na kazi ya wataalamu zaonyesha kwamba mji huo ulikaliwa na watu wa vizazi vingi, wenye lugha mbali mbali, mmoja akiondoka na mwingine akiingia. Waluo ndio waliokuwa wakaaji wa mwisho. Lililo la maana ni hili: waliokuja nyuma hawakuzibomoa kuta walizozikuta. Walizitengeneza, wakaishi ndani yake. Kama wangalizibomoa kwa kuwa zilikuwa kazi ya wageni, leo tusingalikuwa na kitu cha kutazama.

Katika karne ya 20 vita vya jamaa na jamaa vilipopungua, watu walitoka katika maboma, wakajenga miji yao mashambani na kuizungushia ua wa miti. Mpaka katikati ya karne hiyo mji ulikuwa umehamwa. Hapo ndipo hatari mpya ilipoanza. Ukuta usio na saruji hutegemea mkono wa mwenyewe. Mwenye mji alipoona jiwe limeanguka asubuhi, alilirudisha kabla ya jua kuchwa. Mwenye mji akiondoka, mti huota katikati ya mawe, na mzizi unapokua huyasukuma. Mbuzi hupanda juu, na mtu apitaye huchukua jiwe moja la kwenda kujengea. Jiwe moja si kitu, lakini lililo juu yake limepoteza mtegemeo.

Serikali ya Kenya iliuweka mji huo chini ya ulinzi wa sheria, nao hutunzwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Mwaka 2000 shirika la World Monuments Fund liliutaja miongoni mwa mahali pa kale duniani palipokuwa katika hatari, na baadaye kuta zilizoanguka zilitengenezwa. Mwaka 2018, katika mkutano uliofanyika Manama, nchi ya Bahrain, mji huo uliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Hiyo ni heshima kubwa, lakini yafaa ifahamike kwamba heshima haishiki ukuta. Walio karibu na kuta hizo kila siku ni wenyeji wa hapo, wachungaji na wakulima, na watoto wa shule wapitao njiani. Wao wana haja ya malisho na kuni na mawe ya kujengea, na haja hizo si za kudharauliwa. Kwa hiyo wageni wajao kutazama wawafae pia majirani wa mahali hapo, na wazee waulizwe jinsi kuta zilivyokuwa zikitengenezwa, kabla maarifa hayo hayajazikwa pamoja nao.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ukuta wa Thimlich Ohinga ukianguka wote hapana awezaye kuujenga tena ukawa ule ule. Waliotangulia walikuta ukuta wa watu wengine wakautengeneza. Na wa leo wafanye vivyo hivyo, na jiwe lililoanguka leo lirudishwe leo.